Mia mbili yako itoe

Mwanangu Zuhura,

Huku mpakani Tunduma foleni ya malori haijasogea tangu jana mchana. Nina mzigo wa Kasumbalesa na sijui lini nitavuka, kwa hiyo nimekaa kwenye kebini naandika. Nakuandikia kwenye simu ya mama yako kwa kuwa wewe huna, na hutakuwa nayo mpaka umalize kidato cha nne, hilo tulishalimaliza. Mama Zuhura, usimsomee. Mpe asome mwenyewe.

Nimeambiwa unakaa mbele. Gari la jioni la Buguruni–Chanika, wenzako wa sare wamebanwa mlangoni, begi mgongoni na uso kwenye kwapa la mtu, wewe umetandikiwa kigodoro juu ya injini, pembeni ya gia, unaongea na dereva. Na konda alipopita kukusanya nauli wewe alikuruka. Aliyekuona ni mtu mzima, hana sababu ya kuzua. Hakusema umefanya ubaya wowote, nami sisemi. Nauliza tu: nani alikulipia?

Maana kwenye daladala hakuna siti isiyolipiwa. Konda anaamka saa tisa usiku. Gari si lake wala si la dereva. Jioni tajiri anataka hesabu yake, abiria wawepo wasiwepo, na mafuta wamejaza wao. Kinachobaki ndicho wanachogawana. Mtu mzima wa safari fupi kabisa analipa 600 tangu nauli zilipopanda Desemba 2023, nyie wanafunzi mkaachwa palepale kwenye 200. Ukisimama mahali pa mtu mzima, konda anaona 400 imedondoka. Ndiyo sababu asubuhi anapaza sauti "wanafunzi wawili tu", na ndiyo sababu gari linapitiliza kituo kidogo, watu wazima wakimbilie na nyie mabegi yawacheleweshe. Ni roho mbaya, na leseni yake haimruhusu, lakini roho mbaya hiyo naijua hesabu yake. Anayekuacha kituoni simwogopi. Namwogopa anayeikubali hasara ya 400, akasamehe na ile 200 yako, halafu akakutandikia kigodoro. Huyo hesabu yake anaifungia wapi?

Kwa hiyo mia mbili yako itoe. Hata akisema acha. Hata akisema "denti wangu huyu". Mpe mkononi, watu waone, ukisimama mlangoni kama wengine. Siti ya mbele mwachie mama mwenye mtoto.

Na usije ukaniambia mbona Rehema naye anapandishwa bure. Rehema ana baba yake.

Wana mbinu yao nyingine, hii nadhani imeshakupata. Unatoa noti au sarafu kubwa, konda anasema hana chenji, "utachukua kesho". Kesho unamtafuta yeye, unayaacha magari mengine mawili yapite. Anakwambia panda tu, ile chenji tunamalizana. Kesho kutwa hesabu imepotea, hujui wewe unamdai au yeye anakudai, na ameshajua jina lako na unashuka wapi. Dawa yake ni sarafu. Mama yako avunje hela dukani kwa Mangi, apate zile za mia mbili zenye simba, uondoke nazo asubuhi kamili. Konda akiwa na chenji yako na gari limefika, iache. Mia tatu haikufanyi tajiri.

Mtu wa kumwangalia zaidi ni deiwaka. Huyu gari amepewa kwa siku moja, tajiri hamjui, dereva mwenyewe anamjua kwa jina la utani. Ukimuuliza mtu kesho yule wa jana yuko wapi, hakuna anayejua. Ndiyo maana nakwambia likitokea lolote shika namba za gari, jina la konda achana nalo. Namba zina mwenyewe, zina leseni ya LATRA, wale wasimamizi wa usafiri, na askari wa Gongo la Mboto anaweza kulisimamisha. Unazo akili za kukariri jedwali la elementi, namba za gari hazikushindi.

Ripoti yako mama yako alinipigia picha akanitumia. Hesabu 81! Niliwaonyesha madereva wenzangu hapa kwenye foleni, mmoja wa Mbeya akasema huyo atakuja kutukagua mizigo. Nilifurahi mpaka nikawanunulia chai. Ila Kiswahili umepata C, Zuhura, mtoto wa Chanika, sijui hiyo C umeitoa wapi. Na Uraia kuna maandishi ya mwalimu nisiyoyapenda: "huchelewa vipindi vya kwanza".

Kuchelewa nakuelewa. Unaamka saa kumi na nusu, unafika kituoni giza, magari matatu yanakupita, unafika getini Ukonga fimbo zinakusubiri. Najua ndicho kinachokufanya ukubali kigodoro. Lakini sikiliza, ni afadhali uchelewe. Mama yako Jumatatu aende kwa mwalimu wa nidhamu amweleze mnakotoka na magari yalivyo, asisubiri kikao cha wazazi. Ikishindikana basi zile fimbo mbili zichukue. Sipendi kuliandika hilo, ila ndilo ninaloweza kukuambia nikiwa huku.

Na bodaboda ni hivyohivyo. Yule kijana wa pale kijiweni anayesema "panda nikusogeze, nilikuwa naenda huko", hakuwa anaenda huko. Petroli ameinunua. Ukipandishwa mshikaki na wenzako wawili ni hatari ya barabarani, ukipandishwa peke yako bure ni hatari nyingine. Wanaijua sheria vizuri kabisa. Tangu ilivyorekebishwa 2016, anayempa mwanafunzi mimba ni miaka 30 jela. Nimewasikia wakiitaja vijiweni huku wanacheka. Kweli pia kwamba tangu mwishoni mwa 2021 msichana aliyejifungua anaruhusiwa kurudi darasani, na ni jambo jema kwa aliyepatwa. Wewe usiingie kwenye hesabu hiyo. Mengine ya hapo mama yako atakueleza, mimi yananishinda.

Utasema baba anaona mabaya kila mahali. Nilikuwa konda mlangoni mwa daladala, DCM ya Gongo la Mboto–Kariakoo, kabla hujazaliwa. Wa bure tulikuwa tunawajua wote, na tulijua yupi ni wa nani. Kuna mmoja alikuwa akipandia Ukonga Mombasa, binti mpole, daftari kaziweka kwenye mfuko wa rambo. Sare ikaanza kumbana, halafu hatukumwona tena. Mimi nilikuwa napiga bodi, gari linaondoka. Basi, mia mbili yako itoe.

Sasa suala la hela. Ada iliondolewa, nauli haikuondolewa. Nilikuwa nahesabu 400 kwa siku, kwenda na kurudi, nikaona inatosha. Nilisahau habari ya kukatisha ruti. Najua sasa jioni wanafika Gongo la Mboto wanasema "mwisho hapa, gari linageuza", mnashushwa wote, na mwenye kwenda Chanika alipe tena gari lingine. Mwanafunzi mwenye mia mbili moja mfukoni afanye nini? Ulitakiwa uniambie. Ulitakiwa umwambie mama yako, si kunyamaza na kutafuta njia yako. Kuanzia wiki ijayo ni 800 kila siku, isipotumika irudi kwenye kopo. Na isiende kwenye mihogo na chachandu. Nasikia mnaibana nauli mnaila saa nne pale getini, halafu jioni mnasimama barabarani kutafuta wa kuwahurumia. Kula uji nyumbani kabla hujatoka. Mama yako akiuwahi kuupika, lakini.

Kitambulisho cha shule kitembee nacho hata Jumamosi ya twisheni. Ukivaa nguo za nyumbani bila kitambulisho watakutoza nauli ya mtu mzima, na hapo huna hoja.

Mama Zuhura, kwa kuwa najua unasoma: hilo la mdogo wake, Shabani, kupanda kipanya cha ile shule ya chekechea bado sijalikubali. Nilikiona siku ile naondoka. Watoto wamepakatana hadi kwenye mlango wa nyuma, tairi la kushoto nyuma limebaki kipara, na hakuna mtu mzima zaidi ya dereva. Mimi ni dereva. Tangu ile ajali ya basi la shule kule Karatu, Mei 2017, watoto 32 na walimu wao wawili na dereva wamekwisha kwenye korongo moja asubuhi moja, siwezi kuona gari la wanafunzi nisiangalie matairi kwanza. Waulize kama wana matroni ndani ya gari na nani anamshusha mtoto na kumvusha barabara. Wakikujibu kwa hasira, Shabani aendelee kutembea na bibi yake.

Zuhura, wewe ukiwahi kufika msaidie kusoma. Anaandika herufi b kinyume, usimcheke.

Luku nimenunua, tokeni nimeituma kwenye meseji nyingine, muiingize leo maana mkizubaa itapotelea kwenye meseji za mikopo. Pasi isiwashwe kila asubuhi kwa sare moja, piga pasi sare zote tano siku ya Jumapili. Mtungi wa gesi ukiisha tumieni mkaa mpaka nirudi. Ijumaa nikiwa nimevuka nitatuma elfu hamsini: ishirini ni ya nauli ya Zuhura na isiguse mchele, kumi na tano viatu vya Shabani, inayobaki mtajua wenyewe. Fundi wa bomba la nje asilipwe zote. Mpeni nusu, mwangalie siku mbili kama halivuji, ndipo mmalizie.

Baba yako