Mto wetu ni Ngarenanyuki

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niseme habari ya jina la mto wetu. Ni ule unaoshuka Mlima Meru, ukapita Hifadhi ya Taifa ya Arusha, ukatufikia sisi wakulima wa nyanya na vitunguu. Sisi tunauita Ngarenanyuki. Kwenye karatasi nimeukuta Engare Nanyuki, Ngare Nanyuki, na mwaka jana, kwenye majibu ya ofisi moja, Ngare Nairobi.

Hilo la mwisho ndilo lililoniuma. Ngare Nairobi iko Siha, chini ya Kilimanjaro. Tulikuwa tumepeleka maji yapimwe floraidi, madini yanayoharibu meno yakizidi kwenye maji, maana watoto wetu wanaota meno yenye madoa ya kahawia na kila mzazi huku anajua yanatoka wapi. Tulisubiri miezi miwili. Majibu yalipokuja na jina lisilo letu, hakuna aliyeweza kutuambia kama vipimo vile ni vya maji yetu au ya wenzetu. Ikabidi tujaze chupa upya.

Anayejua maana ya majina haya hawezi kuyachanganya. Kwa Kimaasai, enkare ni maji. Ngare Nairobi ni maji baridi, Ngarenaro pale Arusha mjini ni maji meusi, haya yetu ni maji mekundu. Njoo asubuhi usimame tunapofungulia mfereji, uyakinge kwenye kikombe cheupe: utadhani mtu amemimina chai ya rangi iliyopoa.

Na jina hili lina watu ndani yake. Mwaka 1951 Mwingereza aliwahamisha Wameru kwa nguvu kutoka hapa ili walowezi wapate ardhi. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet, mjumbe wao, akafikisha kilio chao Umoja wa Mataifa, New York. Kule lilisikika jina la Engare Nanyuki, na sisi huku bado tunasomewa majibu ya mto mwingine!

Naiomba halmashauri iweke kibao pale njia inapovuka mto, kiandikwe Ngarenanyuki kama kata inavyoandikwa, na chini yake "maji mekundu". Wanaopokea chupa za maji nao waandike mto, kijiji na kata, mbele ya aliyezileta, kabla hajaondoka.

Mkulima,
Kata ya Ngarenanyuki, Meru