Darubini za ardhini hazijapitwa na wakati

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nijibu makala yenu ya sayansi kuhusu nyota zinazokufa. Jinsi nyota ya aina ya jua letu inavyovimba uzeeni, ikapukutisha matabaka yake ya nje na kuacha nebula, yaani wingu la gesi na vumbi, mmeeleza vizuri. Sikubaliani na sentensi moja tu: kwamba darubini za ardhini zimepitwa na wakati kwa sababu ya hewa. Nimefundisha fizikia sekondari hadi kustaafu, na najua kijana akishasoma jambo gazetini, kumtoa hapo ni kazi.

Hewa ni kikwazo kweli: huvuruga mwanga wa nyota. Newton aliandika mwaka 1704 kwamba hutikisika, na dawa pekee ni hewa tulivu, pengine ya vilele vya milima mirefu. Mwaka 1953 mwanaastronomia Horace Babcock akapendekeza dawa nyingine: pima mtikisiko wenyewe, kisha kioo kipindwe kiufute. Kompyuta za kufanya hesabu hiyo kwa wakati hazikuwapo. Leo zipo. Nyota angavu inayotumiwa kama kipimo inayumba kama kokoto chini ya maji yanayotiririka; kihisio kinaupima mwanga wake, na vijisukumio vilivyo nyuma ya kioo chembamba vinakipinda upya, katika mitambo mingine zaidi ya mara 1,000 kwa sekunde. Pasipo na nyota angavu jirani, hupigwa leza hadi tabaka la sodiamu, kilomita 90 hivi juu, ikatengeneza nyota bandia.

Tazameni L2 Puppis, nyota inayokufa umbali wa miaka ya nuru 200 hivi. Mwaka 2015 kundi lililoongozwa na Pierre Kervella lilitoa picha yake iliyopigwa kwa chombo cha SPHERE, chenye kioo kinachopindwa hivyo, kwenye darubini yenye kioo kikuu cha kipenyo cha mita 8.2 huko Paranal, Chile. Inaonyesha sahani ya vumbi tunayoiona karibu kwa ubavu, gesi na vumbi vikitoka juu na chini yake, na mwenza aliye karibu kabisa na nyota hiyo inayokufa. Darasani swali halikosekani: nyota ni ya mviringo, mbona nebula nyingi zina mabawa ya kipepeo? Hapo tunaona mabawa yakianza kuota, na mwenzake anayeshukiwa kuyasababisha yumo ndani ya picha! Kwa uwezo wa kutenganisha vitu vilivyokaribiana, SPHERE inaishinda Hubble, darubini ya angani.

Sizidharau darubini za angani. Miale mingi ya urujuanimno na infraredi haipenyi hewa, na eneo la picha linalosafishwa na kioo kinachojirekebisha huwa dogo. Lakini huko Cerro Armazones, Chile, inajengwa darubini ya mita 39 ambayo kioo cha namna hiyo kimo ndani yake tangu kwenye michoro. Hiyo si kazi ya kitu kilichopitwa na wakati.

Naomba mchapishe masahihisho, na kila picha ya nebula iandikwe chini yake jina la darubini na mahali ilipo.

Mwalimu mstaafu wa fizikia