Tangi lenye kutu lisitiwe asidi ya betri

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua niongee na wenye pikipiki za zamani, zile Honda, Yamaha na Suzuki A100 za miaka ya 1970 na 1980, pamoja na mafundi wanaozihudumia. Tuache kutia asidi ya betri ndani ya matangi yenye kutu. Pikipiki za umri huo spea zake nyingi zinapatikana kwa kubahatisha, na tangi lililoliwa na asidi halirudi.

Asidi ya betri inang'arisha bati haraka, ndiyo maana inapendwa. Lakini haichagui: inakula kutu, halafu inakula na chuma kizima. Ikijipenyeza kwenye mshono wa chini, suuza utakavyosuuza, mabaki yataendelea kula humo humo. Na bati iliyobaki uchi inaanza kugeuka rangi ya chungwa ndani ya dakika chache tu baada ya kumwaga maji. Wengine hutia kokoto na kutikisa. Kokoto zinasagika, vumbi lake linakaa kwenye mshono, kisha linashuka kwenye kabureta pamoja na mafuta.

Kinachofaa ni asidi ya sitriki, ule unga mweupe wa uchachu wanaotumia watengeneza juisi na jamu. Siki ya mezani nayo inafanya kazi, ila inataka siku moja hadi mbili na utahitaji lita nyingi.

Kabla ya yote, mwaga petroli yote mbali na moto, toa koki (kifungulio cha mafuta chini ya tangi) na kifuniko, na kama tangi lina geji ya mafuta, toa na hiyo. Ziba tundu la koki kwa kipande cha tyubu kilichobanwa vizuri. Osha ndani kwa maji ya moto na sabuni ya unga, mara mbili au tatu, mpaka harufu ya petroli iishe. Hatua hii wengi wanairuka, kisha wanalalamika kwamba dawa haifanyi kazi. Petroli iliyolala miaka inaacha utomvu wa kahawia juu ya kutu, na asidi haipenyi utomvu huo.

Kama kutu imeshakuwa magamba, tia nati ndogo 30, funga tangi kwenye blanketi na ulitikise pande zote kwa dakika kumi. Zihesabu zikiingia, zihesabu zikitoka. Nati moja iliyosahaulika itagongagonga humo kila siku.

Sasa dawa. Kwa tangi la lita 10, pima gramu 600 za asidi ya sitriki, yaani gramu 60 kwa kila lita, uzikoroge kwenye maji ya moto yasiyochemka. Paka grisi kuzunguka mdomo wa tangi ili rangi ya asili isiharibike, kisha jaza mpaka shingoni. Usijaze nusu: dari la tangi ndilo linalopata kutu kwanza, kwa sababu mafuta hayalifikii na unyevu wa hewa unagandia pale. Usikaze kifuniko, maana gesi inayotoka inawaka. Fanyia kazi nje, usivute sigara, vaa glovu na miwani.

Chungulia kwa tochi baada ya saa nne. Maji yatakuwa yamebadilika kuwa manjano yenye ukijani, na bati itaonekana ya kijivu. Kama bado kuna madoa, acha hadi kesho yake, lakini usipitishe saa 24, kwani hata asidi hii ikikaa sana inaanza kula chuma.

Hapa kwenye kumalizia ndipo kazi nyingi zinapoharibika. Ukishamwaga, tia papo hapo maji yenye magadi ya unga yaliyo safi, vijiko viwili vya chakula kwa lita tano, utikise ili kuua asidi iliyobaki. Magadi ya mawe yana chumvi na udongo, usiyatumie. Suuza kwa maji ya moto, mwaga, kisha zungusha robo lita ya spiriti ndani ili izoe maji yaliyojificha kwenye mshono. Imwage, puliza kwa kompresa ukiwa nje, usitumie moto wala kikausha nywele. Likikauka tu, zungusha petroli kikombe kimoja iliyochanganywa na oili ya injini za mipigo miwili, ipake kila kona. Ukiliacha tangi usiku mzima bila oili, asubuhi utakuta kutu mpya.

Maji machafu ya asidi yasimwagwe mtaroni. Tia magadi mpaka povu liache kutoka ndipo uyamwage.

Kisha jaza mafuta ya taa, weka tangi juu ya gazeti kavu na ulilaze usiku. Kutu mara nyingi ndiyo iliyokuwa imeziba vitundu, na doa kwenye gazeti litakuonyesha pa kulehemu. Usikubali mtu achomelee tangi kwa gesi kabla halijaoshwa na kujazwa maji hadi karibu na tundu, maana mvuke wa petroli uliobaki hulipuka hata kama tangi linaonekana tupu. Rangi za kupaka ndani ya tangi mimi sizishauri kwa tangi lisilovuja. Zikibanduka, vipande vyake vinaziba koki vibaya kuliko kutu.

Ukirudisha tangi, osha na kabureta. Unga wa kutu unapita kwenye chujio la koki, unakaa chini ya sindano ya floti, ile inayofunga mafuta kabureta ikijaa, sindano haifungi, na petroli inafurika kwenye njia ya hewa. Unga huo ukiziba jeti, kile kitundu cha kupitishia mafuta kwenye kabureta, injini inakosa mafuta na kupata joto kupita kiasi, na kwa A100 hilo linaweza kutoboa pistoni. Filta ya ziada ni nzuri, ila iwe ya mafuta yanayoshuka yenyewe. Filta ya gari lenye pampu itayabana.

Pikipiki ikilala zaidi ya wiki mbili, hasa huku pwani wakati wa masika, ilale na tangi lililojaa.

Fundi wa pikipiki za zamani,
Tanga