Wenye kanda za zamani, zitoeni uvunguni

Mhariri, habari za kazi. Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua, na kama ni ndefu kata tu unapoona panafaa ila ombi la mwisho usiliguse.

Mimi ni fundi cherehani hapa Moshi mjini. Usiku nikiwa na oda za sare huwa naweka simu pembeni ya mashine nainunulia bando la usiku, na mwezi huu wote nilikua naangalia Mind Your Language, ile komedi ya Waingereza ya mwaka 1977 ya darasa la watu wazima wanaofundishwa Kiingereza London. Nimemaliza vipindi 29 vya miaka ile mitatu ya mwanzo, na kwakweli nimegundua kwamba nilidanganywa utoto wangu wote.

Iko hivi. Sisi tuliokulia Kiboriloni miaka ya 80 tunajua kwamba Tanzania bara hakukua na kituo cha TV hata kimoja, Zanzibar wao walikua nayo tangu miaka ya 70 mwanzoni, huku bara mpaka 1994. Ila Moshi tulikua na bahati ya mpaka, unasimamisha antena juu ya mlingoti mrefu unaielekeza Kenya na VOK, TV ya Kenya ya enzi hizo, inashika, siku nyingine chenga tupu. Jirani yetu meku mmoja, yani mzee kwa Kichaga, dereva wa malori alikua na TV ndogo ya blakendiwaiti inayotumia betri ya gari, na kiingilio chake hakikua hela, kilikua mzigo wa majani ya ng'ombe. Huna majani huingii. Ng'ombe wa yule meku walinenepa mpaka watu wakawa wanauliza anawapa nini.

Sasa VOK ilikua na Vitimbi na Vioja Mahakamani, hivyo vya Kiswahili tulielewa, Mzee Ojwang' akitokea tu watu wameshacheka. Shida ilikua vya Kiingereza. Sisi Kiingereza hatujui, mama zetu hawajui, ila meku alishafika Nairobi na Mombasa mara nyingi kwahiyo yeye ndo alikua anatutafsiria. Na kwa meku, Mind Your Language ilikua ni mahakama. Yani wale wanafunzi ni wageni walioingia Uingereza bila vibali, mwalimu Brown ni hakimu, na kila wiki wanaulizwa maswali wakikosea wanarudishwa kwao. Yule Kalasinga Ranjeet anavyoshika mikono na kuinamisha kichwa, meku akasema anaomba huruma asifungwe. Mama mkuu wa shule, Miss Courtney, akatuambia ni mke wa hakimu kaja kuchungulia maana amesikia kuna binti wa Kifaransa mle ndani. Yule mama wa kusukuma chai eti ndo shahidi.

Tuliamini aisee! Mimi kulikua na fundi gereji Kalasinga pale mjini nikawa kila nikipita namwamkia kwa huzuni maana nilijua ndugu yake ana kesi Ulaya.

Sasa nimeiangalia mwenyewe na akili yangu, hakuna mahakama, hakuna kesi, Ranjeet anaomba tu msamaha mara elfu moja kama ilivyo kawaida yake. Nimecheka peke yangu usiku mpaka mwanangu akaja kuniuliza mama vipi. Lakini niseme ukweli, ile ya meku ilikua tamu zaidi. Hii halisi nyingine inanikwama, ni utani uleule wa mgeni kukosea neno, na nimesoma kwamba hata bosi wa kituo chao aliikatisha 1979 kwa kuona inawadhalilisha wageni. Kuna yule mama Jamila anafuma sweta darasani muda wote, Kiingereza hajui hata chembe. Zamani nilimcheka. Juzi sikumcheka, nilijikumbuka fomu wani, umetoka shule ya msingi kwa Kiswahili safi afu siku moja baiolojia yote Kiingereza, mwalimu anauliza na wewe unaangalia meza. Tofauti yangu na Jamila ni kwamba yeye alikua na sindano za kufumia.

Basi nikapata hamu ya vya kwetu. Nikatafuta Mambo Hayo na michezo ya kuigiza ya kundi la Kaole, ile tuliyoangalia kwenye TV chogo mtaa mzima, Kaole alikotokea mwigizaji marehemu Kanumba. Nilichopata ni vipande vifupi, vingine sauti haipo, vingine mtu amechukua kwa simu akiwa ameielekeza kwenye TV. Sasa mimi komedi ya London ya kabla sijaanza hata kutembea naipata yote ikiwa safi, halafu mchezo wa Dar niliouangalia nikiwa mtu mzima siupati. Simlaumu mtu, kanda zilikua ghali na watu walirekodi juu kwa juu. Hata BBC walifanya hivyohivyo, walifuta vipindi vingi vya tamthilia yao ya Doctor Who vya miaka ya 60 ili kanda zitumike tena, leo wanavitafuta dunia nzima. Na unajua vingine vilipatikana wapi? Nigeria, mji wa Jos, kwenye stoo ya kituo cha TV, vipindi 9 vilivyokua vimepotea, habari ikatangazwa 2013. Filamu walizotuma Afrika zionyeshwe halafu wakazisahau ndo zimewaokoa wao.

Ndo maana naandika. Kuna watu Moshi na Arusha walikua na deki miaka ile na walirekodi michezo kwenye TV, nawajua baadhi. Hizo kanda ziko uvunguni au juu ya kabati zinaota ukungu, na ukungu ukishaingia ule utepe unanata unakatika. Tunaomba wazitoe, studio za harusi hapa mjini wanazihamishia kwenye flashi, ukifika unapatana bei. Na msitupe kanda za kipaimara na send-off, maana watu walikua wakikosa kanda tupu wanarekodia palepale mwishoni.

Asiyekua na deki ninayo, inafanya kazi, namba yangu nimeiacha ofisini kwenu. Juzi nimeijaribu kwa kanda ya kipaimara ya mdogo wangu, wakakata keki, wakacheza, afu picha ikaruka na ikaja Mambo Hayo dakika kama nne hivi, kisha chenga.

Fundi cherehani,
Moshi