Kabla hamjatuchangisha za kompyuta mpya, zifungueni hizi za zamani

Kwako Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako niseme jambo linalonikera sana, mimi ni mzazi na pia ni fundi wa kompyuta hapa Lamu. Muhula uliopita shule moja huku kwetu ilituita wazazi mkutano tukaambiwa kompyuta 20 za lebu zimekufa zote, kila mzazi achange zinunuliwe mpya. Nikauliza zimekufa vipi, nani kazifungua akaona? Kimya. Kumbe alikuja muuzaji, akawasha mbili tatu, akaziona zinavyojivuta, akasema hizi si za kutengenezwa tena.

Nikaomba nipewe moja tu nikaiangalie. Wallahi nilipotoa kava nilisikitika. Vumbi limeganda kwenye feni kama sufi, mayai mawili ya mjusi yako kando ya pawa saplai, na yale meno ya RAM, kile kibao cha kumbukumbu ya muda, yamefanya kutu ya kijani, maana lebu imeelekea baharini na madirisha hayafungwi, chumvi yaingia usiku na mchana. Nikachomoa RAM nikayasugua meno kwa kifutio cha mwanangu, polepole, nikairudisha, na mashine iliyokuwa ikilia bip bip bila kuonyesha kitu ikawaka. Sijatoa hata shilingi hapo.

Kuwaka ni jambo moja na kwenda mbio ni jengine. Huku kujivuta mara nyingi kosa si la mashine nzima, ni la hadi diski (hard disk), pale mafaili yanapowekwa. Ile ya zamani ina sahani inayozunguka ndani na kijisindano kinachohama huku na huku kutafuta faili, kwa hivyo ikisoma sana ni MB mia na kitu kwa sekunde, lakini SSD, diski ya kisasa, haina kinachozunguka, hata ya bei ya chini inayochomekwa waya ule ule wa SATA hufika kama MB 500. Nikaitia SSD ya GB 240 na RAM ya mtumba ya DDR3 ya GB 4 juu ya ile 2 iliyokuwamo. Zote mbili hazikufika sh5,000. Zamani watoto wakiiwasha huenda mferejini kunywa maji wakarudi na kale kaduara bado kanazunguka, sasa haimalizi nusu dakika ishafunguka. Mwenyekiti alipoiona aliniuliza, "Fundi, hii si katika zile tulizoambiwa zimekufa?" Nikamwambia ndiyo mzee, ni hiyo hiyo.

Halafu kuna hili la Windows, hapa ndipo watu hutishwa. Ni kweli Microsoft iliacha kuitunza Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na ni kweli Windows 11 yataka chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0 na kwa Intel prosesa kuanzia kizazi cha 8, hizi zetu ni kizazi cha 3 haziingii. Lakini shule zenye leseni ya elimu ziliwekewa njia ya kulipia masasisho ya usalama miaka mitatu, dola 1 kwa kila kompyuta mwaka wa kwanza, 2 wa pili, 4 wa tatu. Na asiyekuwa na leseni kuna Linux Mint na Lubuntu, mifumo ya kuwekwa badala ya Windows, hizo ni bure, LibreOffice ya kuandikia na kupigia hesabu humo humo, wanangu waliizoea kwa siku mbili. Tena waweza kuweka programu ya Kiwix watoto wakasoma Wikipedia bila intaneti, na sisi huku twajua intaneti yetu ilivyo. Wa mtihani waachiwe mashine kadhaa zenye zile programu wanazotahiniwa, sisemi zing'olewe zote.

Na sisemi kila mashine itapona. Mpaka leo nimefungua sita, tano zinafanya kazi, ya sita kapasita za bodi zimevimba, hiyo nimeifanya ya vipuri. Lakini hata tukinunua mpya, zije kwa basi mpaka Mokowe, zivushwe kwa boti, zibebwe na punda mpaka shuleni, kisha tuziweke chumba kile kile na madirisha yale yale? Chumvi haijui mpya na kuukuu. Kwanza yatiwe vioo yale madirisha, na kila kompyuta ishonewe kifuniko cha kitambaa, hapa mafundi cherehani tunao.

Zimebaki 14. Ombi langu kwa bodi ya shule ni moja, msianze kukusanya pesa za wazazi kabla hizo hazijafunguliwa. Mimi ujira sitaki, nunueni SSD na RAM tu, mnipe ufunguo wa lebu Jumamosi mbili na vijana wanne wa kidato cha tatu wanisaidie, wajifunze na wao kushika bisibisi.

Mzazi na fundi,
Langoni, Lamu