Barua kwa mwanangu anayekwenda kumwona Zuchu

Mwanangu kipenzi,

Nimefurahi kwamba tiketi mmepata. Baba yako anauliza kwa nini utoe hela yote hiyo wakati nyimbo za Zuchu umejaza kwenye simu. Nimemjibu, na ningependa nawe ulijue jibu lenyewe.

Mimi nilikuwa shabiki wa mama yake Zuchu, Khadija Kopa. Miaka ya tisini, yeye akiimba taarabu kundi la TOT na mpinzani wake Nasma Khamis akiwa kundi la Muungano, mji huu uligawanyika kama Simba na Yanga. Kanda zao tulikuwa nazo nyumbani, mipasho yote tunaijua kwa moyo, na bado ukumbini tulikwenda. Ukumbini mwimbaji anakuona. Mstari ukikugusa unainuka, unakwenda mbele polepole kwa mwendo wa ngoma, noti umeiinua juu ili kila mtu aione, unamtunza. Akishaipokea anaurudia mstari ule ule, safari hii anakutazama usoni, na aliyekusudiwa kule nyuma anajua kimempata. Kadiri watu walivyoinuka ndivyo wimbo ulivyorefuka. Nusu ya onyesho tulikuwa tunalifanya sisi mashabiki, mwanangu, na hilo halimo kwenye kanda yoyote.

Zuchu kakulia humo. Usikilize tena Mauzauza alioimba na mama yake mwaka 2020, mwaka ule ule alipotambulishwa na lebo ya muziki ya Wasafi; mimi humo nasikia taarabu kabisa. Kwa hiyo ukifika, tazama kama kuna bendi nyuma yake au anaimba juu ya sauti iliyorekodiwa. Kama bendi ipo, subiri pale atakapowanyamazisha wapiga vyombo na kuwaachia nyinyi kiitikio cha Sukari. Hapo simu iweke mfukoni, uitikie kwa sauti yako yote. Video utaipata kwa wenzako. Na ile hela ya ziada niliyokutumia si ya soda: itoe kwa wakala iwe noti, na ukipata nafasi ya kufika jukwaani kwa usalama, mtunze.

Nimesema kwa usalama. Msijibane mbele kabisa kwenye vizuizi. Novemba 2021, kwenye tamasha la Astroworld mjini Houston, Marekani, walikufa watu 10, mdogo wao ana miaka 9. Tumezoea kudhani kwenye msongamano watu hufa kwa kukanyagwa. Kule walibanwa vifua mpaka pumzi ikakosa pa kupita, na mtu anaweza kubanwa hivyo akiwa bado amesimama. Ukihisi mwili unasogezwa bila wewe kupiga hatua, watu wameshazidi hapo, ondoka. Mikono iweke mbele ya kifua upate nafasi ya kuhema, usishindane na umati. Wakitulia kidogo, penya kwa mshazari kuelekea pembeni. Kitu kikikuanguka usiiname kukiokota, hata kikiwa simu.

Na spika, kaeni mbali nazo. Shirika la Afya Duniani mwaka 2022 lilitoa mwongozo wa kumbi za muziki, na kiwango cha juu cha sauti lilichoweka ni wastani wa desibeli 100 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Usingoje mwenye ukumbi akupimie. Pamba haizuii kitu cha maana. Nunueni vizibo vya masikio vya sponji duka la dawa. Muziki utausikia vizuri tu, na kesho yake masikio hayatavuma.

Vaa raba, viatu vya wazi viache hosteli. Baba yako mdogo atawafuata na gari, kwa hiyo kubalianeni naye mapema mahali pa kukutana nje ya geti, maana watu wote wakitoka kwa pamoja mtandao hugoma. Mkishafika hosteli nipigie, hata ikiwa saa tisa usiku. Nataka kusikia aliingiaje jukwaani, alivaa nini, na wimbo gani aliurudia.

Mama yako