Ukuta wa mawe unamwaga unga? Usikimbilie saruji

Simu nyingi tunazopata kutoka Mji Mkongwe zinaanza hivihivi: fundi, lipu imebanduka tena na tuliipiga juzi tu. Tukifika tunakuta saruji juu ya ukuta wa mawe ya matumbawe, na juu ya saruji rangi ya mafuta, yaani ukuta umezibwa pumzi kabisa.

Iko hivi. Jiwe la matumbawe lina vitundu vingi, linafyonza maji kutoka chini ardhini, na maji ya hapa kwetu pwani yana chumvi. Ukuta wenye lipu ya chokaa unayatoa yale maji nje yakakauka taratibu, lakini ukiuziba na saruji yanabaki ndani, chumvi inaganda nyuma ya lipu, chembe zake zinakua ndani ya vile vitundu na kusukuma mpaka jiwe lenyewe linapasuka vipandevipande. Kwaruza na ufunguo pale palipotuna, utaona unga mweupe mchanga mchanga. Mafundi wazee wanaulamba kidogo kuhakikisha, wewe si lazima 😅

Halafu kuna mvua. Maji ya mvua yanashika kabonidayoksaidi ya hewani yanakuwa na asidi kidogo, na matumbawe karibu yote ni kalsiamu kabonati, kwa hiyo mfereji wa bati ukivuja sehemu moja masika baada ya masika, jiwe linayeyuka polepole na ile chokaa iliyoshika mawe inaondoka nayo, ukuta unabaki mawe yamekaa tu. Mtini ukiota kwenye ufa ndo basi, mizizi inapanua kazi iliyoanzwa na maji. Kuukata juu hakusaidii, unachipua tena. Na nondo iliyotiwa ukutani ikipata kutu inavimba, inapasua jiwe kutoka ndani.

Sisi tunachofanya kwanza ni kutafuta maji yanatoka wapi, mfereji, bomba la choo, au barabara iliyopandishwa ikapita usawa wa sakafu yako. Kabla ya hapo hatugusi lipu, mteja akasirike asikasirike. Kisha tunabandua saruji yote, tunauacha ukuta ukauke (hapa watu wengi wanakosa subira), tunaziba mashimo kwa mawe madogo na chokaa, ndo tunapiga lipu ya chokaa iliyolowekwa na mchanga uliooshwa kwa maji yasiyo na chumvi, kwa sababu mchanga wa pwani ukiutia hivihivi umerudisha chumvi uliyoitoa. Kumalizia ni chokaa nyeupe. Lipu ya chokaa inakaza kwa kunywa ileile kabonidayoksaidi ya hewani, tena taratibu, kwa hiyo inataka kunyunyiziwa maji na kukingwa jua.

Bei inategemea ukuta, hatutaji kwa simu. Tutumie picha WhatsApp, ya ndani na ya nje, na ya paa juu ya hapo palipoharibika. Nyumba ikiwa ndani ya eneo la hifadhi ulizia kibali mapema Mamlaka ya Mji Mkongwe, bila hicho hatupandishi jukwaa.